Kona Niliyomchorea Mama

Barua zenu nimezisoma zote. Mama mmoja wa Jangwani ameniandikia kwamba mtu kama mimi hata maji ya kunywa nisipewe. Ahsante, mama. Hilo umelisema kabla hujasikia la leo.

Kwa aliyechelewa kutufuata: jina langu Shomari, kazi yangu kuchora ramani za nyumba. Bi Kuruthumu, dada wa marehemu mama yangu, ndiye aliyenilea tangu nina miaka minne, na sikumjua mama mwingine. Nyumba yake ya fito na udongo, Mtaa wa Mchikichi, Kariakoo, ilipigwa alama nyekundu na wakaguzi mwaka sabini na tano. Ama ijengwe ya kudumu, ama kiwanja apewe mwingine. Nikamchorea mpya, ikajengwa, nikamwoa Sitara, tukahamia watatu. Miezi minane baadaye, Jumatano asubuhi, Mama akaanguka uani na beseni la nguo mikononi.

Hapo ndipo nilipokomea wiki iliyopita, maana mkono ulinigomea kuandika.

Hakuamka. Nalisema hivyo hivyo lilivyo, kwa kuwa nikilizungushia maneno nitashindwa tena. Nilimwita mara tatu, Sitara akamwita, na alipoguswa shingoni na jirani yetu mmoja aliyewahi kufanya kazi ya uuguzi, yule mama akavua ushungi wake akamfunika uso.

Lakini kabla hatujafika kwenye jeneza, kuna neno nimewaficha wiki sita nzima. Nimewasimulia mvua, nimewasimulia saruji ya kibali, nimewasimulia foleni ya bati. Hili nimelipita pembeni kila mara. Leo nalitapika.

Siku niliyomletea Mama ramani, alikuwa ametoka kisomoni. Mnakumbuka zile siku, watu wazima wote darasani. Mama alikuwa amejua kusoma miezi mitano, na alikuwa akisoma kila kitu: magunia ya unga, mabango ya Mnazi Mmoja, hata karatasi iliyofungiwa vitumbua.

"Leo siambiwi," akasema. "Nasoma mwenyewe."

Akaweka kidole. "Ba-ra-za. Baraza! Haya, ina kimo gani?"

"Sawasawa na ya kulia na ya kushoto, Mama. Nimezipima zote mbili."

"Maana sitaki mtu akitoka baraza ya jirani kuja kwangu ajione anapanda mnara. Na paa?"

"Limelingana na wenzake."

"Mlango?"

"Wa mbao, mbawa mbili, kama ule wa zamani."

Akacheka kwa furaha. "Sasa hiyo ni nyumba. Nyumba mpya ni kama bi harusi. Ikija na maringo, mtaa mzima utaisema."

Hapo sikumdanganya. Wallahi, hapo nilifanya kazi. Wiki mbili nilitembea na utepe wa kupimia, nyumba hadi nyumba, watu wakiniuliza kama nimetumwa na serikali. Na ilipokwisha, waliosimama kuitazama wote walisema jambo moja: mpya, lakini si ngeni. Imeingia kwenye safu kana kwamba ilikuwapo siku zote.

Kidole cha Mama kikaendelea mbele. "U-ku-mbi."

Ukumbi aliutaka kama wa nyumba zote za mtaa ule, mnyoofu kutoka mlango wa mbele mpaka uani, na mpana. Alikuwa amenieleza tangu siku ya kwanza: "Watu wanne wapite, wawili mbele na wawili nyuma, na bega la mtu lisiguse ukuta."

Nami nilimcheka. "Watu wanne wa nini, Mama? Unaleta gwaride?"

"Watu hupita, mwanangu," alijibu. Yeye hakucheka.

Sasa sikilizeni. Sitara wakati ule alikuwa mchumba wangu, kakulia ghorofani, Mchafukoge. Aliniambia waziwazi kwamba hawezi kukaa nyumba ambayo mpita njia akisimama barabarani anamwona mpaka sufuria yake jikoni. Kwa upande wake alikuwa na haki. Mimi nilikuwa nampenda mpaka najisahau. Nikaukata ukumbi katikati, nikatia ukuta, nafasi niliyoiba nikaipa sebule. Ukumbi ukabaki wa futi tatu na nusu, unaingia, unakata kulia, unakata tena kushoto, ndipo unafika uani.

Kidole cha Mama kikasimama pale pale.

"Mbona mstari huu umepinda?"

Herufi alizijua. Mistari hakuijua, na mimi nilijua kwamba haijui.

"Hiyo ni alama ya umeme, Mama. Ukumbi umenyooka."

"Ahaa. Umeme."

Akaomba kalamu. Maisha yake yote alikuwa akiweka dole gumba. Siku ile akaandika jina zima, herufi moja moja, ulimi umemtoka pembeni mwa mdomo kama mtoto wa darasa la kwanza. Kuruthumu. Akanirudishia karatasi kwa mikono miwili, na mimi nikaikunja nikatia mfukoni.

Alikuja kuiona kona wakati wa ujenzi, ukuta ukiwa umefika kiunoni. Fundi Sadalla alikuwa pale na mwiko wake. Huyu Sadalla ndiye aliyeijenga nyumba yote, na kona hii alinigombeza nayo siku mbili: "Bwana Shomari, kona kwa mtaa huu? Umefikiri vizuri?" Nikamjibu ajenge kilichochorwa.

Mama akaweka kiganja juu ya matofali. Akatazama kulia, akatazama kushoto. Mimi uongo wa pili nilikuwa nao mdomoni tayari.

"Nzuri, mwanangu," akasema, akatoka nje.

Nikapumua. Nikajiambia amesahau. Loo, mjinga mimi! Mtu mzima hasahau, hunyamaza.

Haya, turudi Jumatano.

Saa nne hivi uani palijaa wanawake. Wakamwosha, wakamkafini, wakamlaza chumbani kwake, chumba cha nyuma. Mjomba Nassibu, mdogo wake Mama wa tumbo moja, akafika kutoka Temeke, kanzu imelowa jasho. Hakunipa pole. Alikaa tu mkekani karibu na mlango wa chumba, akimwita dada yake kwa jina la utotoni ambalo mimi sikuwahi kulisikia.

Saa tano jeneza likaletwa kutoka msikitini. Watu wanne wamelishika, Sadalla mmoja wao. Wakaingia mlango wa mbele vizuri. Wakafika kwenye kona, likagonga ukuta.

Wakarudi nyuma, wakajaribu tena. Likagonga ukuta wa pili.

"Lisimamisheni," akasema mmoja.

Wakalisimamisha wima, wakaligeuza kama watu wanaoingiza kabati, likapita. Lilikuwa tupu.

Waliporudi kulilaza uani, Sadalla akanijia. Alisema polepole, lakini nadhani kila aliyekuwa karibu alisikia.

"Bwana Shomari. Limeingia wima. Litatokaje?"

Ndugu zangu, hapo ndipo nilipoelewa. Watu wanne. Wawili mbele, wawili nyuma, bega lisiguse ukuta. Mama hakuwa akiniambia habari za wageni. Alikuwa akiniambia habari za safari yake, kwa ile lugha ya watu wazima ambao mauti hawayataji kwa jina, na mimi nikamwuliza kama analeta gwaride.

Nikaegemea ukuta wangu mwenyewe.

Shehe alikuwa mtu mpole. "Hakuna zito," akasema. "Jeneza lirudishwe sebuleni. Marehemu abebwe mikononi mpaka pale, alazwe ndani, atoke. Kidini haina neno."

"Kidini haina neno," Mjomba Nassibu akaitikia, akasimama. "Lakini mimi nina neno. Mama yetu alitoka kiwanja hiki amelala. Nilikuwa mbele, kushoto. Shemeji yangu alitoka amelala. Nilikuwa mbele, kushoto. Dada yangu si mzigo wa bandarini, apokezanwe kwenye kona. Nani amechora nyumba hii?"

Alikuwa anajua. Alitaka niseme.

"Mimi, Mjomba."

"Ukumbi kama huu umeuona nyumba gani nyingine, mtaa huu?"

"Hakuna."

"Nani aliutaka?"

Kilio cha Sitara, kule walikokuwa wanawake, kikakatika ghafla. Nimekiri kwenu machafu yangu mengi katika gazeti hili. Nipeni hili moja: jina la mke wangu sikulitaja.

"Mimi mwenyewe," nikasema.

"Basi tutolee dada yangu hapa."

Watu wakainamisha vichwa. Jua lilikuwa limefika utosini. Nje barazani waliosubiri walikuwa wamejaa mpaka baraza za majirani, wamekaa safu moja ndefu isiyo na kipandio wala kishukio. Kile nilichokipima vizuri kilikuwa kinafanya kazi yake.

Ndipo Sadalla akavuka uani, akaenda mpaka ukuta wa mwisho, ule unaotutenga na nyumba ya nyuma. Akapapasa chokaa kama anayetafuta kitu.

"Mjomba, samahani," akasema. "Hapa zamani palikuwa na mlango."

Kweli palikuwa na mlango. Kwenye nyumba ya udongo, wanawake wa nyumba hizi mbili walikuwa wakipita hapo kuombana chumvi na moto bila kuzunguka mtaa. Mimi niliuziba katika ramani, maana kanuni za ofisi zilitaka ukuta wa mpaka uwe mzima.

Sadalla akarudi nyuma hatua moja, akapiga teke.

Tofali likadondoka upande wa pili. Akapiga tena, yakadondoka matatu. Hayakuvunjika. Yalitoka mazima, na vumbi lililotoka nayo lilikuwa jekundu.

"Udongo?" nikauliza. "Sadalla, uliujenga kwa udongo?"

"Hapa tu. Upana wa mlango. Bi mkubwa alinijia siku ile ile aliyoiona kona. Akaniambia, fundi, hapa usitie saruji. Tia udongo, paka chokaa juu, na Shomari asijue." Akajifuta uso. "Nami nilikula kiapo, Bwana Shomari. Usinitazame hivyo."

Upande wa pili alikuwa amesimama Mzee Eliakimu.

Huyu ni muuza duka, mtu wa Machame, mzee wa kanisa. Nyumba ile ya nyuma aliinunua kwa wenyewe miaka mingi iliyopita, na hakuigusa kitu, hata dirisha. Alikuwa amevaa suti yake nyeusi ya Jumapili, kofia ameishika kifuani. Nyuma yake ukumbi wa nyumba yake ulikwenda moja kwa moja, mpana, mpaka mlango wa mbele uliofunguliwa mbawa zote mbili, na mtaa wa pili ukaonekana mweupe kwa jua. Humo ndani hapakuwa na kiti, hapakuwa na gunia. Pamefagiliwa.

"Poleni sana," akasema. "Karibuni mpite. Vitu nimeshavitoa."

Mjomba Nassibu akakunja uso. "Nani amekwambia uvitoe?"

"Marehemu."

Mjomba akasogea karibu na tundu.

"Alinijia mwaka jana," Mzee Eliakimu akaendelea, Kiswahili chake kile cha taratibu cha watu wa mlimani. "Alikaa pale dukani kwangu, kwenye gunia la maharage. Akasema, 'Mzee Eliakimu, mwanangu ananijengea nyumba nzuri, itakaa vizuri na wenzake. Ina kosa moja. Nikimwambia, ataibomoa, na saruji ya kibali haipatikani mara mbili. Siku yangu ikifika, nipitishe kwako.' Nikamwambia, mama, nyumba yangu ni yako, lakini kwa nini usimwambie kijana?"

Akanitazama mimi.

"Sema, mzee," Mjomba akamhimiza.

"Akasema, 'Alinidanganya siku niliyoandika jina langu. Akijua kwamba nimejua, hataweza kunitazama tena usoni. Nami ninapenda anitazame.'"

Nililia. Sikulia kiume, kwa kujizuia. Niliketi chini kwenye vumbi lile jekundu nikalia kwa sauti, mchora ramani mzima na suruali yangu ya kitambaa, mpaka wanawake waliokuwa wananilaani kimoyomoyo wakaanza kunionea huruma. Miezi minane alikuwa akinipakulia chakula. Miezi minane kila jioni nikirudi kazini ananiuliza umeshindaje, na mimi namtazama usoni, namjibu.

"Basi," akasema Mjomba Nassibu, na sauti yake sasa ilikuwa imechoka. "Njia amejitafutia mwenyewe. Mleteni."

Wakamtoa chumbani, wakamlaza katika jeneza, wakatandaza shuka la kijani. Wanne wakainama kushika mbao.

"Subirini," nikasema.

Nilisimama. "Hatoki kwa nyumba ya watu. Atoke kwa mlango wake. Naivunja kona."

"Sasa hivi?" Sadalla akashtuka. "Bwana, kona ile imebeba boriti za upande wote wa mbele. Nipe nguzo na saa mbili, sawa. Sasa hivi siwezi kukuahidi kwamba sebule haitakaa chini."

"Ikae."

"Shomari," Shehe akaniita taratibu, "marehemu ameusia njia."

"Aliiusia ile kwa sababu ya uongo wangu. Ya kwanza aliyoitaka ni hii."

Mjomba akanishika kola. "Dada yangu ameificha aibu yako mpaka kaburini. Wewe unataka kuianika mbele ya mtaa mzima?"

"Ndiyo, Mjomba."

Aliniachia. Nadhani hakulitegemea jibu lile.

Sitara akatoka katikati ya wanawake. Ana mimba ya miezi sita, anatembea mkono mmoja kiunoni. Kwenye mkono wa pili alikuwa akiburuta nyundo kubwa iliyobaki tangu ujenzi, kichwa chake kinachora mstari mchangani.

"Kona niliitaka mimi," akasema, na alisema kwa sauti ya kusikika mpaka kwa Mzee Eliakimu. "Mume wangu ananificha. Mimi ndiye sikutaka kuonekana barabarani. Mama alijua, maana siku moja nilimwomba radhi jikoni, akaniambia, nyamaza, mke wa mwanangu, chumvi imezidi." Machozi yakamshinda. "Kama sebule inaanguka, ianguke. Tutalala uani."

Akaniwekea nyundo mkononi.

Msikitini adhana ikaanza. Wanne wakanyanyua, jeneza likapanda mabegani. Kwa watu wetu, likishapanda halirudishwi chini kwa ajili ya majadiliano. Wakasimama nalo katikati ya uani, na kweli niliona: wa mbele wawili walikuwa wameelekea tundu la ukutani, wa nyuma wawili walikuwa wamegeuza shingo kuitazama kona.

Mjomba Nassibu alikuwa mbele, kushoto.

"Mwana ni wewe," akaniambia bila kugeuka. "Mlango mmoja aliuomba kwako, mlango mwingine aliuomba kwa jirani. Chagua, usimweke juani."

Nilifungua mdomo niseme vunja. Nikaona kwamba nikisema vunja, najifurahisha mimi, nalipiza kosa langu juu ya mgongo wake. Nikafungua mdomo niseme pitisheni. Nikaona kwamba nikisema pitisheni, namtoa Mama kwa mlango wa nyuma katika nyumba aliyoitilia sahihi.

Nikasogea mpaka upande wa kichwa chake. Nikalishika shuka la kijani, nikamwuliza mwenyewe, kwa sauti, mbele ya watu wote:

"Mama, upi?"

Hakuna aliyenicheka. Mzee Eliakimu alikuwa ameinamisha kichwa, Sitara ameuma upindo wa khanga, na begani kwa Mjomba mbao ilikuwa inatetemeka.

Adhana ikaisha, na mimi nilikuwa bado sijasema.